Etaje ya Ine

Baraka, tarehe 4 Machi 2024

Divine mwanangu,

Nakusalimia sana, we na Aimable bwana yako, na huyu mutoto Gatesi mwenye sijamubeba hata siku moja. Muko bazima? Homa ya mutoto iliisha? Huku tuko, tunasukuma siku. Mugongo unaniuma, magoti inaniuma, kinywa peke yake ndiyo haiumi, njo maana naandika.

Réseau yenu ya huko juu imekufa tena, na mi nimechoka kungoja simu. Barua hii naituma kwa mama Godelieve, ule anapandisha chumvi na sabuni mpaka Minembwe. Pande zote mbili za hii vita, ba ziwa na ba milima, bananunua kwake, kwa hiyo pande zote mbili banamuacha apite.

Sikia. Bamama ba kanisa bamepanga chakula cha pamoja kule Fizi, nyuma ya Pasaka. Bamama ba huku ku ziwa na bamama ba huko ku milima, kila mumoja na sahani yake, tukule ku meza moja. Banasema tukikula pamoja, pengine batoto yetu bataacha kuuana. Mi sijui. Nimezika batu wengi sana, siwezi kuamini sahani. Lakini nikasikia bamama ba Minembwe batashuka, nikafikiri: basi Divine naye atashuka na mutoto mugongoni. Nikanyoosha mukono mbele ya bote: gâteau, ile keki ya sherehe, ni mi! Etaje tatu, moja juu ya ingine, sawa ile ya ndoa ya mutoto wa Casimir, yenye batu ba Nundu banaongelea mpaka leo.

Ndoa yako na mutu wa milima sikuipikia kitu. Tuache hiyo. Ukuje tu.

Mama yako,
Arlette


Minembwe, tarehe 19 Machi 2024

Mama yangu mupenzi,

Barua yako ilifika inanuka sabuni, nikacheka, kisha nikalia. Sisi tuko bazima kwa neema ya Mungu. Gatesi ameota meno mbili, ananiuma kila akinyonya. Maziwa yangu iko kidogo juu chakula pia iko kidogo, viazi asubuhi, viazi magaribi, siku ingine hata viazi hakuna. Mugongo wako uukande na maji moto, na uache kubeba mifuko ya makala we mwenyewe. Uko mukaidi.

Sasa gâteau. Mama, kuna neno. Kiongozi wa bamama ba huku ni mama-mukwe wangu, Nyirarukundo. Tangu siku batu ba bunduki ba huko chini balibeba ng'ombe zake zote, na kuku za mu nyumba pia, aliapa: kitu chenye kimetoka ku munyama hakitaingia mu kinywa yake mpaka ng'ombe zirudi. Maziwa hapana, siagi hapana, hata yai hapana. Anasema ile siagi banauza mu soko huko chini, nani anaweza kumuapia haikutoka kwa Bihogo, ng'ombe wake? Mutu mwenye kukomaa na maziwa, Mama! Amekonda mpaka pete inateleza ku kidole.

Yeye asipokula, hakuna mama wa huku atakula. Batamuangalia kinywa. Na desturi unaijua: mwenye kuleta chakula anaonja wa kwanza, mbele ya macho ya bote. Huku banaogopa sumu kuliko bunduki.

Basi upike gâteau bila maziwa, bila siagi, bila yai. Najua utanitukana. Nitukane, lakini upike.

Binti yako,
Divine


Baraka, tarehe 28 Machi 2024

Divine,

Umesalimiwa, na huyo mwenye meno mbili pia. Natuma bunga ya soya kwa Godelieve, umupikie mutoto uji, na we ukule, usijifanye malaika. Mi niko muzima. Sasa nikutukane.

Gâteau bila yai! Ungenambia nijenge nyumba bila udongo, ningekusikia. Ya kwanza ilitoka jiwe. Nilimupatia jirani Raphaël, akatafuna, akatafuna, akasema, «Mama Divine, iko muzuri,» na machozi iko mu macho. Ya pili niliweka ndizi mingi, ikalala mu sufuria sawa mulevi. Nikakasirika, nikakuita majina yote, kisha nikaanza upya.

Sasa nimeipata. Karanga nailoweka, naisaga, naikamua, njo maziwa yangu. Ndizi moja tu, ya kuiva sana. Ndimu naikamulia juu ya bikarbonati ifanye povu, njo kazi ya yai. Na mafuta ya mawese naichoma mpaka wekundu na harufu inatoka. Mchanga chini ya sufuria, makala juu ya mufuniko, sawa siku zote. Mwanangu, inaumuka! Na inatoka ya njano, utaapa nimevunja mayai ya kuku wote ba Baraka.

Jambo moja halikunipendeza. Bijana ba hapa ku kona balikuja kuuliza napikia nani. Nikasema, bakwe bangu ba Minembwe. Mumoja akacheka: «Basi tia dawa ya panya, Mama, utatusaidia.» Nikamurushia mwiko. Lakini bamama ba soko balisikia, na kesho yake neno hili lilikuwa limezunguka kila meza ya samaki ndagala.

Ukuje. Nitakuwekea kona yenye karanga mingi.

Mama yako,
Arlette


Minembwe, tarehe 9 Aprili 2024

Mama,

Natumaini mugongo umepoa. Gatesi alikunywa uji mpaka akalala na kijiko mu mukono. Aksanti.

Mi sitashuka. Kaa kwanza, kisha usome.

Neno la dawa ya panya lilifika huku kabla ya soya yako. Muzee Rugema na bazee wenzake ba kijiji bakasema hakuna mama atashuka Fizi, chakula ya pamoja imekufa. Mama-mukwe alilia, na yeye halii ovyo. Njo nilisimama, nikasema mi nitabaki sawa rehani. Mi ni damu ya huko chini, na mama mwenye atapika gâteau ni wangu. Mama-mukwe akirudi muzima, mara ingine nitashuka na mutoto. Asiporudi, niko hapa, mi na Gatesi. Aimable alitoka inje. Bazee bakakubali.

Hakuna mwenye amenifunga kamba. Nateka maji, nalima, nanyonyesha. Ila kuvuka kijiji siwezi mpaka yeye arudi.

Mupokee vizuri, Mama. Anapenda kukaa karibu na moto. Umupe kipande kikubwa, kisha umurudishe.

Binti yako,
Divine


Fizi, tarehe 21 Aprili 2024

Divine mwanangu,

Nakusalimia kutoka hapa mu nyumba ya kanisa. Mama-mukwe wako anajifunga kitambaa, anangoja karatasi hii aibebe. Barua yako ya mwisho sitaijibu. Nilikuwa na matusi yake tayari, lakini jana imenipokonya.

Ulinambia amekonda, hukunambia ni murefu hivi! Tulikula huku tunaangaliana. Kulikuwa sombe, maharagi, bugali, ndagala, na bidon ya maji tunapokezana kikombe. Kisha nikaleta gâteau. Nikakata, nikaonja etaje ya chini, ya kati, ya juu, polepole, kila mutu aone koo yangu inameza. Mama mumoja wa kwenu akasema, «Hii rangi ni ya yai.» Nikasema ni mawese. Nyirarukundo akachukua kipande, akanusa, akaniangalia mu macho muda murefu. Akakula. Akanyoosha mukono tena. Hapo bote bakakula, na batu ba chini na ba juu bakaanza kugombania makombo, Bwana asifiwe.

Alinambia uko mutu wa kazi, lakini kichwa ngumu. Nikamwambia kichwa nilikupa mi. Tukacheka mpaka tukalia, tumeshikana mikono sawa batoto ba masomo.

Kupita zile tatu, nilioka etaje ya ine, yako peke yako, nikaipaka karanga juu. Sikuikata. Binti yangu haletewi masalio ya meza. Nimeifunga mu majani ya ndizi, iko mu kitunga, kikapu yake. Mukule na Aimable, na Gatesi umupe kidogo ku ncha ya kidole. Ameniapia mara ingine utashuka.

Mama yako mwenye furaha,
Arlette


Minembwe, tarehe 26 Aprili 2024

Mama,

Salamu. Mutoto iko muzima. Mi niko.

Mama-mukwe hajafika. Wenzake balifika bila yeye. Banasema njiani, kule Mulima, alianza kuhara na kutapika, nguvu ikamuisha mara moja. Balimuacha kwa batu ba kanisa, bakakuja mbio kumuita Aimable. Ameenda na kipoyi na banaume ba kumubeba. Kitunga na barua yako bakaleta kwa muzee Rugema.

Gâteau iko ku meza yake. Iko nzima, kipande kimoja tu kimetoka. Ni mama-mukwe alikata njiani, njaa ilimushika, banasema alicheka, «Divine atanisamehe.» Alikula peke yake. Na alianguka peke yake.

Muzee hakunipigia kelele. Aliuliza polepole, «Mama yako alionja na hii?» Nikasema, nitaikula sasa hivi mbele yenu. Nikanyoosha mukono. Mama, mukono ulifika juu ya meza ukasimama. Gatesi alikuwa ku titi. Nikafikiria ule kijana na dawa yake ya panya, nikafikiria jiko yako iko inje, kila mupita njia anaifikia. Nikaurudisha mukono. Bote baliona.

Niambie mi peke yangu. Uliionja?

Binti yako,
Divine


Fizi, tarehe 29 Aprili 2024

Divine mwanangu,

Salamu nitakupa na kinywa yangu.

Sikuionja. Ningeumaje gâteau ya binti yangu kabla ya kumutumia? Kwangu hiyo ilikuwa tusi. Niliioka na bunga moja na zile tatu, mawese moja, mikono hii hii, na sikuondoka ku moto hata kidogo. Lakini kuionja, sikuionja. Uongo siwezi kukuandikia.

Ni kolera. Bamama ba huku benye balikunywa maji ya ile bidon bamelazwa hapa pia, njo nimebaki kubaangalia, na hakuna hata mumoja alionja gâteau yako. Mama Marie, mumoja wao, tulimuzika jana.

Na mama-mukwe wako amekufa. Godelieve amenikuta na habari hii asubuhi. Alikufa Mulima, kabla Aimable hajafika. Pole, mama. Pole sana. Nilimujua siku moja tu, na nilimupenda. Sasa neno hili linapanda kwenu, na maneno ya huku inajua kukimbia.

Mi napanda nyuma yake. Hakuna mutu wa pikipiki amekubali kunibeba. Bamoja banasema mi mama wa sumu, bengine mi mama wa musaliti. Nitatembea. Godelieve anatangulia na barua hii. Usijilaumu juu ya mukono wako, ungekula na mutoto ku titi ningekuchapa. Na usiikule sasa, hata bakikulazimisha. Karanga imelala sana, tumbo ikikukata kidogo tu, tumekwisha sisi bote.

Bambie bazee kitu kimoja. Hiyo gâteau basiitupe. Baifunike vizuri, inzi zisiikalie. Mwenye kuipika yuko njiani, anakuja kuionja.

Mama yako,
Arlette