Harufu ya Baba

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha ngozi cha zamani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe, na wifi hajambo? Mgongo umepona, au bado unajifanya kijana na kubeba magunia peke yako? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima, tunasukuma siku. Mama ndiye aliyenifanya nishike kalamu, lakini usishtuke mapema. Nitafika kwake.

Kwanza habari za mtaa. Kile kiwanja cha kiwanda, tulichokatazwa kuchezea na bado tukachezea, hatimaye kinasafishwa. Baraza la mji limepata mkopo wa serikali, wa riba ndogo, wa kulipwa polepole mpaka wajukuu zetu wazeeke. Awamu ya kwanza ni ya kuchimba udongo wenye sumu na kuuondoa. Ya pili ni ya kujenga nyumba, soko na zahanati. Ila fedha za pili hazitoki mpaka wakazi wakubali kwamba kazi ya kwanza imekwisha, na mjumbe wa wakazi ni mimi. Usicheke. Walitafuta mtu mwenye mdomo, wakakumbuka ukoo wetu.

Siku walipofungua yale mashimo ya kulowekea ngozi, harufu ilitoka ikatambaa mtaa mzima. Watu walifunga madirisha. Fundi cherehani jirani yetu aliacha kibaraza akahamia chumbani na cherehani yake. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikabaki na shati mkononi. Chokaa, ngozi mbichi, na ile dawa inayokwaruza koo. Alikuwa ni baba, Kaka. Baba amesimama nyuma yangu, na niliogopa kugeuka.

Najua wewe harufu ile uliichukia. Shuleni walikuita Ngozi Mbichi, na nyumbani wakati wa kula ulikaa upande wa dirisha ili usimkaribie baba. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Nakukumbusha tu ili uelewe kilichompata mama, maana yeye hakufunga dirisha.

Jioni ile alibandika maji jikoni. Yalipochemka akayamimina kwenye ndoo, akaitoa nje ya mlango wa nyuma na kuweka sabuni juu ya tofali, pale pale baba alipokuwa akinawa akitoka kiwandani, kabla ya kuingia ndani. Nilikwambia kwenye simu kwamba kumbukumbu zake zinapungua. Siku hiyo hazikupungua, zilirudi zote kwa mkupuo. Alichana nywele, akaketi kusubiri. Nilihuzunika, na nikikwambia kwamba sikufurahi pia nitakuwa muongo, kwa sababu sijamwona akitabasamu hivyo tangu tumzike baba.

Malori yakabeba udongo, na kazi ikaisha. Ukaitwa mkutano. Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayesikia harufu bado, na kila mtu akasema imekwisha. Mimi nikasema ipo, ninalala nayo na kuamka nayo. Wakaninunia, maana zahanati wanaitaka leo hii. Nikakaza shingo. Nikasema hakuna fedha za pili mpaka mpima udongo aje nyumbani kwangu apime.

Alikuja, binti mpole mwenye glovu na kifaa chake. Alipima uani, akapima jikoni na sebuleni, hakuna kitu. Tukaingia chumbani kwa mama. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, likatoka lile kopo la bati ambalo baba alibebea chakula kazini. Lilikuwa limejaa udongo wa shimoni na kufunikwa kwa leso safi. Sijui alilijaza lini. Uzio wa kiwanda una tundu, na mimi mchana nilidhani amelala.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Msimwamshe. Ametoka kazini sasa hivi."

Yule binti alipiga magoti mbele yake. "Mama, huyu hawezi kukaa humu. Atakuumiza."

Mama akageukia ukuta. Kopo likatiwa kwenye mfuko, mfuko ukatiwa ndani ya mfuko mwingine, likaondoka. Nilisimama mlangoni nikalia. Mtaa mzima umecheleweshewa zahanati kwa sababu ya kopo la baba, na aliyekaza shingo ni mimi.

Hospitali wamempima damu. Sumu imo kidogo, wanasema itashuka akila vizuri. Sasa hapo ndipo penye shida. Mama hali chakula. Kila jioni anabandika maji, anatoa ndoo, anasubiri baba anawe ndipo wale pamoja. Giza likiingia anayamwaga na kwenda kulala, na chakula nakikuta kimefunikwa vilevile. Amekonda mpaka pete imemponyoka kidoleni. Nimembembeleza, nimegomba, nimemwambia baba ana zamu ya usiku. Alicheka, akaniuliza tangu lini kiwanda kile kina zamu ya usiku.

Mkutano wa mwisho niliinua mkono nikasema harufu imekwisha. Ni kweli. Wamemwaga udongo safi, mwekundu, na mafundi wameanza msingi. Watu walinipigia makofi, mimi nikatoka pale kama mtu anayetoka makaburini.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Juzi mama alipokwisha kulala nilikwenda kuiingiza ndoo. Hakuwa ameyamwaga. Maji yalikuwa yamechafuka, na sabuni imelowa. Nilijiambia ni fundi wa ujenzi amepita akanawa. Sijaenda kuuliza, na tangu hapo mlango ule siutumii giza likiingia.

Kaka, njoo. Sikuombi hela, na sikuombi ujifanye baba. Lakini mabega yako ni yake na kikohozi chako ni chake, hata ukikataa. Fika jioni, pitia nyuma, nawa, kisha ukae karibu na mama, si upande wa dirisha. Akikuita kwa jina la baba, utajua mwenyewe la kujibu. Ninachotaka mimi ni ale.

Nisalimie wifi sana, mwambie asikuzuie. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Fundi cherehani anakusalimu, anasema suruali yako bado anayo na haamini kama itakutosha. Mungu akufungulie njia na akulinde mpaka utufikie.

Mama nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema nikwambie ufanye haraka, maji yanapoa.

Wako akupendaye,
Mdogo wako.