Kiingereza cha Amissi

Gitega, 12 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Muyinga ukiwa mzima, na lile goti limepungua maumivu. Mi niko salama, namshukuru Mungu.

Nimepata kazi, Mama. Ni kazi ya ofisini, katika biro moja hapa Gitega, nawatafsiria wageni wanaosema Kiingereza. Mkubwa wa kazi aliniuliza nilisoma shule gani. Nikamjibu kwamba kaka yangu ndiye aliyenifundisha, kwa mchezo wa vita wa kwenye simu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitugombeza kwa ajili ya mchezo ule? Amissi alipohamia Durban hatukuuacha. Yeye kule, mimi huku, tulipigana upande mmoja pamoja na wageni, tukisemezana kwa simu hizo hizo. Alinikataza Kiswahili. Maneno yangu ya kwanza ya Kiingereza yalikuwa “nisubiri”, “nyuma yako”, “nimeumia, njoo uniinue”. Maana mchezoni aliyeanguka huinuliwa, na aliyekufa hurudi.

Barua yako inasema umepeleka posa kwa akina Hidaya kule Giteranyi, na binti amekubali kumngoja Amissi. Ukaniagiza nimpe habari hiyo. Ndiyo maana naandika leo. Tafadhali, kabla hujaendelea, mwite Mama mdogo Zaituni akae karibu nawe.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, niliona jina la Amissi limewaka mchezoni, nikaingia mbio. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Mwansa, Mzambia aliyekaa naye chumba kimoja, asiyejua Kiswahili. Aliniambia kwa Kiingereza, polepole, “Ndugu yako amekufa.” Nikamjibu kama tulivyozoea, “Sawa, tunamsubiri.” Alirudia mara tatu, Mama, ndipo nikaelewa. Ilikuwa homa ya mapafu. Waislamu wa huko walimsalia, wakamzika.

Salamu zote za Amissi nilizokuletea tangu siku ile zilikuwa zangu. Hata zile za Idi. Nilishindwa kulitamka jambo hili kwa Kiswahili; kwa Kiingereza lilikuwa bado kama mchezo.

Siku nyingine jina lake linawaka tena, Mwansa akiwa ameishika simu ya Amissi. Najua si yeye. Naingia hata hivyo, tunatembea wawili mle mchezoni.

Usimfiche Hidaya, asiendelee kungoja. Nitafika Ijumaa tumsomee hitima, na lolote utakaloniambia nitalipokea. Nisalimie Mama mdogo na majirani wote.

Mwanao aliyekukosea,
Kadidja