Unga Mwekundu wa Kumdanganya Mzee

Jumamosi. Mvua ya jana imeondoka na leo jua limeamka na hasira, bati zimekauka kabla sijapiga mswaki. Nina furaha, halafu nina kitu kingine ambacho sikijui jina.

Kwa mliofika kwenye ukurasa huu kwa bahati mbaya: mimi ndiye Magesa, mkaanga samaki wa Mwigobero, hapa Musoma. Shule iliniacha form two, au mimi ndiye niliyeiacha, inategemea unamuuliza nani. Lakini kwenye pilipili nina digrii. Unga wangu wa pilipili kichaa natengenezaga mwenyewe: nakaanga kavu, natwanga, nachekecha. Wanaume wenye ndevu wamelia mbele ya meza yangu na kesho yake wakarudi. Nani mwingine hapa mjini anaweza kusema hivyo?

Hakuna.

Huo moto nimeurithi kwa Mzee wangu. Kule kwetu Kiriba alikuwaga anamwaga pilipili kwenye samaki wa sato mpaka mchuzi unabadilika rangi. Bila hiyo anasema amekula majani.

Sasa Mzee ana vidonda vya tumbo. Tumemleta mjini, tunakaa naye mimi na Mama. Daktari alisema pilipili marufuku, na dawa zake zinataka tumbo lenye chakula. Mzee aliposikia lile la kwanza alikasirika, lile la pili akajifanya kiziwi. Anamega ugali kidogo, anasukuma sahani. Shati lake la kanisani limemzidi kama ameliazima.

Hilo ndilo linaloniumiza. Sahani inarudi jikoni imejaa, siku baada ya siku.

Nikasema basi, nitamtafutia pilipili ambayo siyo pilipili.

Nilianza na tangawizi na manjano, nikajaza kwelikweli. Mzee akaonja, akamgeukia Mama. "Mama Magesa, hii ni mboga au ni chai?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Nikaenda sokoni kutafuta pilipili manga. Mama Zuhura, yule anayeuza viungo, aliposikia ni ya mgonjwa wa tumbo akanipigia kelele watu wakageuka. "We mtoto! Hiyo nayo si inawasha? Unataka kummaliza baba yako?" Ndiye aliyenielekeza pilipili hoho nyekundu. Toa mbegu, chana nyembamba, anika mpaka zivunjike mkononi, halafu twanga. Utapata rangi na harufu, moto haumo. Changanya na binzari nyembamba uliyoikaanga kavu, ili pua nayo ipate chake.

Nikaanika juu ya bati. Nikatwanga nusu yake. Nikaonja, shwari kabisa, tamu kama biskuti. Nikamwekea Mzee kwa kujiamini.

Tonge la pili akashika tumbo.

Aliinama tu, mkono mmoja umeng'ang'ania kiti, Mama akamkimbilia na maziwa. Mimi nimesimama na mwiko kama sanamu.

Kosa lilikuwa kinu. Nilitumia kinu changu cha mti, kilekile ninachotwangia kichaa miaka yote. Nilikuwa nimekiosha, nikakisugua na majivu, lakini mti umeshakunywa pilipili mpaka ndani. Na ulimi wangu haukunishtua, kwa sababu umekufa ganzi siku nyingi. Ulimi ninaojisifia nao kila siku! Hauoni moto hata ukiwa juu yake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jioni yake niliona aibu hata kuingia chumbani kwake kumsalimia.

Leo asubuhi nimerudisha juani hoho zilizobaki, nimeazima kinu cha chuma cha Mama Zuhura, kile anachotwangia iliki za chai tu. Nimechekecha kwa kitambaa kipya. Halafu sikuonja mimi. Nimempa Mama, ambaye pilipili hali kabisa. Akafumba macho kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo.

"Haina kitu," akasema.

"Haina kabisa?"

"Magesa, nimesema haina kitu. Pika."

Nikapika sato. Mchuzi mwekundu wa kutisha, ukiuona tu unatafuta maji. Mzee akauchungulia muda mrefu.

"Daktari amekubali hii?"

"Daktari hajui kupika, Mzee." Mama akanifinya.

Akala. Tonge la kwanza akatafuna taratibu. La pili akavuta hewa kwenye meno, "Sss! Haa! Hii kali," akajipepea mdomo kwa kiganja. Nikavimba kichwa palepale. "Pole Mzee," nikamwambia, "ndiyo mkono wangu huo." Akaomba ugali mwingine! Mama akageukia ukutani, akajifanya anatafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Nilipomsogelea na jagi la maji ndipo nikamwona vizuri. Mzee akila pilipili ya kweli, pua yake inatoka jasho kabla hajameza. Tangu niko mdogo ni hivyo. Leo pua ilikuwa kavu. Macho makavu. Na bado anapiga "Sss, haa," huku anamega lingine.

Nikammiminia maji. Akanywa yote, kama mtu anayeungua kweli.

Sahani imerudi jikoni na miiba tu. Amemeza dawa zake, amelala ubavu, mkono hauko tumboni.

Sijamwambia nilichokiona, na Mama naye sijamuuliza kama ameona. Najiuliza tu, kwani alikuwa anakula samaki au alikuwa ananilisha mimi?

Kesho nitapika tena. Atasema kali. Nitasema pole, Mzee.