Cyuzuzo Hataki Kusumbua

Jumanne, 11 Novemba 2025

Zamu ya mchana. Wodi ya wazazi imefurika. Kitanda cha sita yuko Cyuzuzo, fundi cherehani wa hapa mjini, amejifungua kwa upasuaji asubuhi. Mtoto wa kike, mzima, sauti ya dalali! Mama mtu hata hakuguna nilipombadilishia shuka. Nikamsifu mbele ya wodi nzima: tazameni mwanamke, hasumbui mtu! Akatabasamu. Hapa kwetu mzazi akilia anasemwa mpaka mtoto aote meno, basi nikaona namtia moyo.

Jumatano, 12 Novemba

Sijalipenda tumbo la Cyuzuzo. Limejaa, gumu. Mapigo ya moyo 108 — jana yalikuwa 84. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanivuta karibu.

"Dada, inaniuma sana, tangu usiku. Lakini usiambie docteur, atasema mi niko muoga."

Nikamwambia lazima aseme mwenyewe. Akakubali.

Daktari Karenzi akapita na msafara wake. Unaendeleaje? "Niko bien, docteur." Bien, eti mzima! Nikaingilia: ana maumivu makali, na mapigo yanapanda. Karenzi akambonyeza kidogo, akauliza tena. "Ni kidogo tu." Basi akaandika dawa ya maumivu, akaniambia nisimlishe mgonjwa maneno. Nilitamani ardhi inimeze.

Walipoondoka nikamuuliza Cyuzuzo kwa nini amenifanyia hivi.

"Si ni we ulisema mi sisumbui mutu?"

Nimeingia chooni, nimelia. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, tena kwa sifa! Miaka kumi na moja kwenye kazi hii.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa tatu asubuhi. Mapigo 128. Presha 90 kwa 55. Mikono baridi, midomo imepauka. Nina hakika anavuja damu ndani. Nimepiga simu chumba cha upasuaji: Karenzi ana mama mwingine mezani. Amejibu kupitia muuguzi wa huko — endelea na dripu, nitakuja nikimaliza. Atamaliza saa ngapi? Hawajui. Daktari wa pili yuko semina Kigali, simu imezimwa.

Dripu nimeifungulia yote. Damu yake nimepeleka maabara ipimwe kundi, bila daktari kuandika. Kisu sina, na hata ningekuwa nacho, mimi muuguzi tu!

Saa tatu na nusu. Mapigo 132. Cyuzuzo amesema bila kuulizwa: "Dada, niko naogopa." Nimemwambia hata mimi naogopa, alie tu, apige kelele wodi nzima isikie. Hakulia. Nadhani hana nguvu.

Saa nne kasorobo. Naandika huku simu iko sikioni, nawapigia tena chumba cha upasuaji, inaita tu. Mumewe, Kadiri, amekuja na thermosi ya uji. Ameshamimina, anapuliza upoe.

"Mama amesema akikunywa hii, maziwa itatoka."

Nimemzuia mkono. Usimpe. Hata maji.

"Kwa nini? Wanamupasua tena?"

Anayekwenda kupasuliwa ndiye anayenyimwa chakula, hilo hata Kadiri analijua. Lakini hakuna daktari aliyesema atapasuliwa. Nimesema mimi peke yangu, moyoni. Nikimjibu ndiyo, nadanganya. Nikimjibu hapana, atamnywesha.

Simu imekatika. Napiga tena. Kadiri bado amesimama na kikombe, ananitazama mdomoni.