Raba alizonichagulia mume wangu zinanitoa damu

Mama Hadassa mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ukingoni mwa bafu, miguu imo kwenye maji ya chumvi, mlango nimeufunga, na mume wangu yuko jikoni anapika maharage huku akiimba nyimbo za kwaya, hajui kwamba nalia, na akijua atadhani ni uchovu wa kazi. Jina langu ni Veridiana, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, sasa naishi Newburg hapa Louisville na nafunga maboksi ghalani, na shida yangu ni raba, ila usinicheke, maana ni raba lakini si raba tu.

Mume wangu anaitwa Zabroni. Kambini kila mtu alimjua kwa mbio, alikuwa akiwashinda watu wa kanda zote za kambi akikimbia peku, na tulipofika Amerika tukawa tunakimbia pamoja msituni kila Jumamosi, hadi mwaka juzi mashine ya kubebea mizigo ilipomponda mguu kiwandani. Siku hizi anatembea na fimbo, tena humu ndani na barazani tu, kwa sababu hataki watu wamwone. Nilitaka niache kukimbia, niliona vibaya kufurahia miguu yangu mbele yake, akakataa katakata, akaniambia, "Mama Jovini, ukiacha na wewe, nyumba nzima itachechemea. Wewe kimbia, mimi nitakuwa kocha."

Akawa kocha kweli. Nimejiandikisha mbio za kilomita hamsini msituni, kusini ya mji wa Buffalo, mwezi wa tisa, na tutalala mtaa wa Black Rock humo mjini kwa mdogo wake, Reginaldi. Kwa furaha yake Zabroni akaniagizia raba za msituni kwa simu, aina ile ile aliyokuwa akivaa yeye, nyepesi, za rangi ya chungwa, nyembamba mbele, akanifungulia boksi mbele ya wageni, akapiga lile goti moja linalokunjika akanifunga kamba. Nikasema zimenikaa vizuri sana. Mama Hadassa, zilinibana tangu dakika ile.

Mguu wangu ni mpana mbele, na nikikimbia saa nyingi unavimba, vidole vinasagana, kwenye mteremko kucha zinagonga, nyingine zimekuwa nyeusi na moja imeng'oka. Sandrine, rafiki yangu ninayekimbia naye, aliona damu kwenye soksi yangu akaniazima raba zake za zamani, pana, soli yenye meno, nikahisi miguu imepumua. Basi kila Jumamosi natoka nyumbani na zile za chungwa, nabadilisha kwenye gari la Sandrine, na kabla ya kurudi nazipaka matope kwa mikono yangu, kwa sababu ni yeye anayezifua. Anakaa barazani na mswaki na beseni, anasugua taratibu, ananihoji, "Leo mlivuka mto? Mizizi iliteleza?" nami namsimulia, na hiyo ndiyo saa pekee anayokuwa Zabroni wa zamani. Nikisema ukweli, namnyang'anya hiyo saa. Nikinyamaza, itabidi nizivae Buffalo, maana huko, ambako hakuna anayemjua, amekubali kusimama njiani kunipa maji, na atatazama miguu yangu. Sandrine anasema nimwambie zimeibwa. Nifanye nini? Tafadhali nijibu mimi kwanza kabla ya kuandika gazetini, maana Baba Jovini husoma majibu yako kila mara.

Veridiana, Newburg


Veridiana mdogo wangu,

Pole sana kwa hizo kucha. Bon, haya, pole imekwisha, sasa nikugombeze.

Mtu mzima unapaka viatu matope kwa mikono! Nimesoma hapo nikacheka, halafu nikarudia kusoma, nikaona unavyompenda huyo mtu. Lakini sikiliza. Unasema unamlinda. Kocha anayefichwa damu ya mkimbiaji wake hana kazi. Umemwachia mswaki na beseni. Kazi yenyewe umempa Sandrine. Zabroni akijua, hataumia kwa ajili ya raba. Ataumia kwa kuwa ulimwona dhaifu kiasi cha kushindwa kuambiwa "zinanibana."

Mwambie Jumapili hii, ukishatoka kanisani, mkiwa wawili. Usianze na maneno. Vua soksi, mwonyeshe. Kisha mwambie, "Ulinichagulia kwa mguu wako, wangu ni mwingine, nisaidie tena." Halafu nyamaza. Akinuna, mwache anune, ana haki yake. Usimkimbilie na maneno matamu.

Sasa hayo mambo ya viatu. Mimi huku Gahanna sikimbii, labda nikichelewa basi, lakini nimetunza wazee kwa miaka na miguu naijua, na mengine nimewauliza wakimbiaji wa kanisani kwetu. Nendeni dukani pamoja, yeye na fimbo yake, muache kuagiza kwa simu. Nendeni jioni ukitoka kazini, mguu ukiwa umevimba, maana hivyo ndivyo utakavyokuwa katikati ya msitu, na uvae soksi zile zile za kukimbilia. Ukisimama, mbele ya kidole chako kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na vidole vyote vijitandaze. Kisigino kisipande unapotembea. Omba kupanda na kushuka ngazi, kwa kuwa mteremko ndio unaoua kucha. Soli iwe na meno ya kushika matope, na iwe na unene wa kukukinga na mawe. Wepesi na rangi uviangalie mwisho kabisa. Ukizipata, zivae wiki nyingi kabla ya Buffalo, siku ya mbio si siku ya kuzizoea.

Na wakati wote huo, anayebonyeza ncha ya raba awe Zabroni. Yeye ndiye aseme hii ndiyo, hii hapana. Macho yake ya mbio mashine haikuyaponda.

Raba za Sandrine zirudishe na shukrani. Ule ushauri wake wa wizi mwachie mwenyewe.

Hadassa


Wasomaji wangu, jibu hilo nilimtumia Veridiana peke yake, kama alivyoomba. Majuzi ameniandikia tena, na leo nachapa yote kwa ruhusa yao wawili.

"Mama Hadassa, nilimwonyesha. Alitazama miguu yangu muda mrefu, akauliza, 'Tangu lini?' Nikasema tangu siku ya kwanza. Akaenda barazani akakaa mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alikuwa na hasira. 'Unadhani mimi ni yai? Uliovunjika ni mguu, Veridiana. Mimi nipo.' Aliniita kwa jina langu, kitu ambacho alikuwa hajafanya tangu tupate watoto. Tukalia wote, tukala ugali wa baridi.

Dukani alinipandisha ngazi na kunishusha mpaka dada muuzaji akachoka. Alikuwa akibonyeza, akitikisa kichwa, 'Hapana, leta nyingine.' Tukapata za kijivu, pana, hazivutii hata kidogo. Tulipokuwa tunaelekea kulipa akasimama. Akamuuliza yule dada, kwa Kiingereza chake cha polepole, kama wana raba za kutembelea za mtu ambaye mguu mmoja umeharibika. Sikuwahi kumsikia akiutaja ule mguu mbele ya mtu. Akaketi, akavua kiatu, akamwacha aupime.

Buffalo nilimaliza, nikiwa karibu na wa mwisho, na kucha zangu zote zipo. Lakini nilichotaka kukuambia ni hiki. Siku hizi nikirudi kutoka kazini namkuta ameshafunga kamba za raba zake mpya, ananisubiri mlangoni. Tunatembea mpaka mwisho wa mtaa, polepole. Jana jirani mmoja alitupungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Nilidhani Zabroni angegeuka turudi nyumbani, kumbe alivuka akaenda kumsalimia."