Stany na roue iliyotupita

Farida, leo bwana yangu Stany haya itamuua! 😂😂

Tulikuwa tunapeleka mama yangu Kasaji, pneu ya gari ikapasuka. Stany akaweka roue ya secours, gurudumu ya akiba, akafunga maboulon, zile nati zake, na bidole tu. Akashika clé, spana ya kukazia, ainame akaze muzuri... mama akashuka!

Unajua Stany. Mama mukwe amuone matako juu? Hata siku moja! Akatupa clé ndani ya gari: "Mama, ingia, tuende!"

Na bidole, Farida. NA BIDOLE!

Kiisha kidogo roue moja ikatupita, inakimbia yenyewe.

Mama: "Stany, ile haiko yetu?"

Kabla hajajibu, gari yenyewe ikainama.

Roue tuliipata mu poli. Maboulon yote yalipotea, Stany akaondoa moja-moja kwa roue zingine, akafungia hii.

Mpaka Kasaji, kila kijiji mama: "Simamisha. Mi nageuka mugongo. Mukwe, kaza tena."