Maharage ya Jina la Mutoto

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Uji wa muzazi umeungua tena. Nyirabagenzi anasema ni mimi. Mi nasema ni kuni zake mbichi. Ni mama ya muke wa mwanangu Idi. Ametoka Mahoko na gunia la maharage kuja kumulea binti yake, Venansiya, aliyezaa Ijumaa. Mutoto musichana. Mudogo, mwekundu, hasira kama zangu. Ninamupenda mpaka meno yananiuma.

Ugomvi ni jina. Mi nataka Rehema; nimewaambia tu ni jina la binti yangu aliyekufa, wote wanalijua. Sikukanyaga shule, ni yeye alinifundisha hizi herufi, akichora kwa mukaa kwenye mulango. Neno la kwanza niliandika ni jina lake. Nyirabagenzi anataka Mukamana. Wifi yangu Tatu anataka Mwamini, jina la mama yake. Shemeji Sefu, fundi cherehani, anataka Zaina. Hana sababu. Anapenda tu kubisha.

Idi amepanda lori kwenda Bukavu. Alisema: "Mama, muelewane nyinyi wazee. Nikirudi siku ya nane nikute jina. Mi sitaki vita." Muoga.

Jioni Sefu ametoa karata. Tucheze poka, dau ni maharage, kikombe kimoja kila mutu. Alhamisi jua likizama, mwenye lundo kubwa anatoa jina. Tumekubali. Tumechoka kufokeana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshindwa na sielewi.

Sefu alijifunza poka akishonea Wagiriki suruali. Karata zake panya wamekula nyingi, hazitoshi kumupa kila mutu tano na kubadilisha. Donc, basi, kila mutu anapata mbili, anazificha. Karata tatu zinalala wazi juu ya mukeka, za wote. Halafu ya nne. Halafu ya tano. Kila mara unaweza kuongeza maharage, hata yote uliyo nayo. Asiyetaka kufuata anatupa zake.

Bon, haya. Nilipata wafalme wawili. Mukekani: tisa, sita, mbili. Hakuna kitu kinachofika kwa wafalme wangu. Nikafurahi, nikanyamaza. Niliweka harage moja tu, ili wasikimbie. Hawakukimbia. Wote watatu walibaki, kwa nini waondoke, harage moja? Ya nne ikaanguka: sita. Tatu alikuwa na sita moja mukononi. Sasa ana sita tatu! Akanifilisi nusu ya kikombe huku anacheka kama mbuzi.

Wafalme kushindwa na sita. Dunia gani hii.

Sefu amenieleza: "Shemeji, ukiwa na mutu mumoja, wafalme wawili wana nguvu. Ukiwa na watu watatu, kila mutu ana njia yake ya kukupita. Uliwaalika wewe mwenyewe. Ongeza mapema, walipe au waondoke."

Nimemuuliza kwa nini hakusema jana. Anasema jana naye alitaka Zaina.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimefuata shauri lake. Mbaya pia.

Nilipata karata mbili za kumi. Mukekani nane, nne, tatu. Nikasukuma lundo zima kwa mikono miwili. Wote wakatupa karata zao saa ileile. Nikashinda maharage manne. Manne! Hata mutoto hayamushibishi.

Baadaye za kumi mbili tena. Nikasukuma tena, ila nusu ya lundo. Lakini kwenye mukeka kulikuwa na malkia, na Nyirabagenzi alikuwa na malkia mwenzake. Alinifuata taratibu, anatafuna kijiti. Nikapoteza. Sefu akashika kichwa. "Jozi yako lazima ipite kila kitu kilicho mukekani, yewe! Kumi mbele ya malkia ni nini?" Sasa ndiyo ananiambia.

Nikinyamaza, wananipita. Nikiongeza, wanakimbia. Asiyekimbia ndiye ananiua. Basi nifanye nini?

Mutoto amelia sana mchana. Tunamuita "wewe". Hiyo inaniuma kuliko karata.

Nyirabagenzi ana lundo kama kichuguu. Mukamana inakaribia. Ni jina zuri. Ninalichukia.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike polepole.

Jua lilikuwa limeshakaa juu ya milima ya Congo. Tangu asubuhi nilikuwa nimerudisha maharage mengi, kidogo kidogo. Sefu akasema ni mara ya mwisho. Nikafungua karata zangu: malkia wawili. Mukekani kumi, saba, tano. Hakuna kinachowapita.

Nyirabagenzi akaweka maharage viganja viwili. Tatu akafuata, anamutukana. Sefu akafuata. Mi wa mwisho. Sijawahi kuona maharage mengi hivyo bila sufuria.

Nikawaza mpaka kichwa kikauma. Nikifuata tu, karata mbili bado zinakuja, na midomo mitatu inazingoja. Ile sita ya Tatu ilikuja mbele ya macho yangu. Nikiongeza, Tatu na Sefu pengine wataondoka. Lakini Nyirabagenzi? Ameweka wa kwanza, mbele ya watu watatu, bila kuogopa. Mutu hafanyi hivyo na takataka. Labda tayari amenipita. Labda hapana. Sikujua. Hata sasa sijui.

Tatu akasema, "Bibi huyu amelala? Muletee mutu maji!"

Nikasukuma yote. Mpaka lile harage moja lililojificha kwenye kanga.

Tatu akatupa zake: "Hebu uchukue, muchawi we." Sefu akatazama mukeka, akatupa. Nyirabagenzi hakutupa. Venansiya alikuwa ndani ananyonyesha, tukasikia mutoto anameza, gu, gu, gu. Nyirabagenzi akageuza macho mulangoni. Pale ambapo mukaa wa binti yangu haujafutika wote. Halafu akazisukuma karata zake chini ya zile nyingine, akazichanganya.

"Chukua, bamwana," akasema. Ndivyo wazazi wa mume na wazazi wa muke tunaitana. Siku zote nne alikuwa ananiita "we mama".

Lundo langu limelipita lake. Sefu ameyapima maharage kwa kikombe.

Nimeshinda. Nilipaswa kulala kwa furaha. Alikuwa na nini mukononi?

Ijumaa, 8 Agosti

Idi amerudi. Watoto wa jirani wamekula chakula cha kumupa mutoto jina. Mutoto ametolewa nje. Wakaniambia nitaje jina. Nikafungua mudomo. Hakuna sauti. Miaka mingi naliandika hilo jina, kumbe sijalitamka tangu tulipomuzika. Watu wananitazama.

Nyirabagenzi akalisema yeye, kwa sauti ya sokoni: "Rehema! Bibi yake anasema ni Rehema!"

Nimeona aibu. Nimemupenda. Nimemukasirikia pia, sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Agosti

Nyirabagenzi amerudi Mahoko. Nilimusindikiza mpaka Mbugangari, nimemubebea kikapu. Nikamuuliza wazi: siku ile, zilikuwa karata gani? Nilikuwa nimekupita au umeniachia?

"Bamwana, yale maharage nimeshayapika."

Nikamwambia ni muongo na mwizi na arudi kabla mutoto hajaota jino. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Nyumbani kimya. Venansiya amelala. Mutoto yuko macho kwenye mukeka, palepale tulipocheza. Nimekaa kando yake. Kwanza nimeandika jina hapa: Rehema. Halafu nimelisema, polepole, mara moja.

Amefungua jicho moja. Amepiga chafya.

Nimemufunika.